Sura ya Sita: Chumvi Kitakoni mwa Mtungi

Regyuleta ilikuwa safi mno. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Ndinda tangu alfajiri, na sasa, amechuchumaa katika stoo ya vielelezo huku chai yake ikipoa sakafuni, lilizidi kumkera.

Vitu vya marehemu Wabwire vilikuwa vimepangwa mbele yake juu ya gunia. Suti ya mpira, aliyovuliwa mochari, ilikuwa imekakamaa kwa tope. Viatu vya mapezi, tope. Mkanda wa vyuma vya uzito, tope mpaka kwenye bizimu. Lakini regyuleta, ile mirija na kidude cha kuuma ambacho mpiga mbizi hupumulia hewa ya mtungi, iling'aa kama kijiko kilichowekewa wageni. Mtungi wenyewe, wa manjano, wenye kiatu cha mpira mweusi kitakoni, nao uling'aa. Viwili hivyo ndivyo alivyovuliwa pale pale ukingoni, siku alipotolewa majini.

"Madam, ukizidi kuiangalia hivyo itadhani unaiposa," alisema Koplo Wakoli, aliyekuwa ameegemea mlango akimenya chungwa.

"Lile ziwa ulilionaje Jumamosi?"

"Ziwa gani? Ile ni uji. Uji ya wimbi, tena ya jana."

"Basi nieleze. Kitu kinatokaje kwenye uji kikiwa safi kuliko sahani yako?"

Wakoli akaacha kumenya.

Wabwire alikuwa fundi wa umeme kiwandani, na mwanachama wa klabu ndogo ya wapiga mbizi wa Eastlands, watu ambao hawakuona kwa nini kupumua chini ya maji kuwe starehe ya watalii wa pwani peke yao. Walifanyia mazoezi kwenye shimo la mawe nyuma ya Komarock, lile ambalo wachimbaji walichimba mpaka wakakutana na chemchemi wakakimbia, na ambalo watu sasa huliita ziwa. Wakishaiva, huenda Naivasha kuopoa injini za mashua zilizozama. Mara moja walifika mpaka Ziwa Chala, na habari ya safari hiyo wameisimulia mpaka majirani wameikinai.

Jumamosi Wabwire alizama mazoezini na hakuibuka. Maabara ikasema hewa iliyobaki mtungini ilikuwa na sumu ya moshi wa injini. Mitungi ya klabu hujazwa hewa kule Majengo na Patrobas, fundi wa kompresa, mashine ya kushindilia hewa. Basi Patrobas akatiwa ndani, na mchana huu gari la mahabusu lingempeleka mahakamani kusomewa shtaka la kuua kwa uzembe.

Ingekuwa kesi nyepesi kama Patrobas asingekuwa kaka yake Nasambu, na Nasambu ndiye mjane. Ukoo wa Wabwire ulikuwa umeshatoa neno: jeneza linaondoka jioni kwenda Busia, na Patrobas akishasomewa shtaka, hakuna mtu wa nyumba ya kina Nasambu atakayekanyaga matangani. Mjane angemzika mumewe peke yake, akinyooshewa kidole kama dada wa muuaji. Jambo hilo lilimchoma Ndinda kuliko alivyotaka kukubali.

"Bosi anasema ni ile lori ya kabeji," Wakoli alijaribu. "Ijumaa ilikuwa inanguruma karibu na kompresa. Moshi ikaingia."

"Jana nilipanda juu ya bati la Patrobas nikachana sketi yangu ya kanisani. Mrija wa kuvutia hewa uko kule juu, na lori liliegeshwa upande wa pili wa ukuta. Achana na kabeji. Twende kwa mtu wetu."

Patrobas alikuwa ameketi sakafuni mwa seli bila viatu, maana viatu na mshipi huachwa kaunta. Alisimama haraka alipomwona Ndinda.

"Ijumaa ulijaza mitungi ya nani?"

"Ya klabu yote, madam. Moja baada ya ingine, mashine hata haikuzima. Wale wengine wanakula ugali mpaka leo. Ningekuwa nimeweka sumu, si wangekufa wote?"

"Kutoka kwako ilikwenda wapi?"

"Mwalimu alikuja na pikapu akaibeba. Ikalala kwake mpaka Jumamosi."

Mwalimu ni Kilonzo, aliyewafunza wote. Ni yeye pia aliyehifadhi vyombo vya marehemu katika stoo yake usiku ule, mpaka polisi walipovichukua asubuhi. Katika maelezo yake alisema hakugusa kitu. Alifunga mlango tu, akalala.

"Mkitoka ziwani, nani huosha vyombo?"

Patrobas alimkodolea macho. "Kuosha na nini? Umetoka kwa maji matamu, uoshe tena na maji matamu? Tunapangusa na kitambaa, tunaenda nyumbani."

"Wabwire naye?"

"Wabwire! Huyo hata buti alikuwa anangoja mvua iioshe." Akacheka, kisha akakumbuka mahali alipo, akaacha. "Madam, dada yangu amekuja?"

"Bado."

"Akikuja, mwambie hewa ya mtu mimi siwezi kuichezea. Mwambie hivyo tu."

Nasambu alikuwa ameshafika. Walimkuta kaunta, leso nyeusi kichwani, ametumwa na mashemeji zake kuchukua vitu vya mumewe visafiri naye.

"Kaka yako anakuulizia," Ndinda alimwambia.

"Nitamwona nikishajua nimwite nani," Nasambu alijibu bila kupandisha sauti. "Kaka, ama mtu aliniulia bwana."

Ndinda akampeleka stooni. Huko alimuuliza alichowauliza wote: kama Wabwire alikuwa amekosana na mtu.

"Hakukosana na mtu. Lakini wiki hiyo ingine alirudi kutoka ziwani kama amekunywa maji ya moto. Akaniambia amepapasa gari kule chini."

"Gari?"

"Gari mzima, imesimama na magurudumu yake. Nikamuuliza ni ya nani, akakataa. Akasema amempa mwenyewe nafasi aende aseme kwa mdomo yake."

Wakoli na Ndinda walitazamana. Siku tatu walikuwa wamezunguka na kabeji, na hakuna aliyefikiria kumuuliza mjane habari ya gari.

Nasambu aliipapasa suti ya mumewe, akafuta tope kidogo kwa kidole gumba. Kisha akaushika mtungi kwa mikono miwili, akaulaza ubavu, akaanza kuchokonoa kile kiatu cha mpira kitakoni.

"Mama, hicho ni kielelezo," Wakoli alisema.

"Naangalia alama yangu."

"Alama gani?"

"Hizi mitungi zao walinunua pamoja, zote manjano. Utajuaje yako? Sufuria yangu ikienda harusi ama matanga, inarudi kwa sababu kitakoni iko na misalaba mbili ya rangi ya kucha. Nyekundu. Kijiko, karai, beseni, yote ni hivyo. Nikaweka na kwa mtungi. Wabwire alinicheka siku nzima."

Ndinda hakucheka. Sufuria zake mwenyewe, nyumbani kwake mtaa wa Fedha, zilikuwa na herufi N kitakoni iliyokwanguliwa kwa msumari, na hata hivyo moja ilikwenda ubatizo wa mtoto wa jirani ikapotelea huko. Mwanamke wa mtaani akishaweka alama chini ya chombo chake, hakisahau chombo hicho mpaka Yesu arudi.

"Wakoli, leta bisibisi."

Kiatu kiligoma. Wakoli akakikwamua upande mmoja, Ndinda akavuta upande wa pili, kikafyatuka na kumwangusha Ndinda juu ya gunia. Nasambu aliinama, akatazama na kuinuka polepole.

"Hakuna," alisema. "Hii si ya bwana yangu."

Hapakuwa na msalaba wala dalili ya rangi. Badala yake palikuwa na ukoko mweupe, umejikusanya pale kiatu kilipobana chuma, mahali ambapo maji hujipenyeza yakakaukia humo, na kusuuza wala kitambaa hakufiki. Ndinda aliukwangua kwa ukucha. Akautazama. Halafu akautia ulimini.

"Madam! Kielelezo hakiliwi!"

Ndinda alifumba macho. Akaonja tena kuhakikisha, akafumbua macho na kuanza kucheka kwa furaha tupu, mbele ya mjane na koplo, hakujali.

"Chumvi! Wakoli, ni chumvi ya kupikia mboga! Mama Nasambu, bwanako aliwahi kupiga mbizi baharini?"

"Bahari? Mombasa yenyewe aliiona kwa kalenda."

"Na mtungi wake?"

"Ulinunuliwa hapa hapa Nairobi. Umejua Naivasha, Chala na hii shimo."

"Kaa kwenye benchi ya kaunta," Ndinda alisema, akimshika mabega. "Usiondoke. Wakikwambia gari la Busia linakungoja, waambie Inspekta amekufunga."

Landrova ya kituo iliwashwa kwa kusukumwa na walevi wawili waliokuwa wakingoja dhamana. Njiani Ndinda hakunyamaza.

"Mtungi wa Wabwire ulijazwa hewa nzuri Majengo. Ukalala mahali fulani. Asubuhi akavaa mtungi mwingine wa manjano, wenye moshi, ambao umewahi kuogelea baharini. Ni nani kati yao ametoka baharini?"

"Mwalimu," alisema Wakoli. "Alikuwa anafunza watalii Malindi. Lakini madam, mtu akishaua, kwa nini aanze kuosha vyombo kama mke mpya?"

"Hapo ndipo nataka kusikia mwenyewe akisema."

Pale Komarock watoto waliokuwa wakicheza mpira wa karatasi waliwapisha. "Makarao! Makarao wanaingia kwa ticha!" mmoja alipiga kelele, na mtaa mzima ukajua.

Kilonzo alitoka kuwalaki kwa tabasamu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, ngozi imekaangwa na jua la pwani. Alimwamkia Ndinda kwa Kikamba, akamuuliza habari za Machakos. Ndinda alimjibu kwa Kiswahili. Kwao ni kwao, lakini kazi ni kazi.

Sebuleni, ukuta ulijaa picha: Kilonzo na watalii kwenye boti, Kilonzo na samaki mkubwa, Kilonzo ameegemea Peugeot nyeupe.

"Gari zuri," Ndinda alisema. "Liko wapi siku hizi?"

"Majambazi waliniteka nalo Kangundo Road, mwaka jana. Niliandikisha polisi, bima wakanilipa. Nashukuru nilibaki na uhai."

"Kweli, uhai ni kitu. Mwalimu, nimekuja kumaliza tu. Vyombo vya marehemu, ulivigusa usiku ule?"

"Nilishasema. Nilivisukuma ndani ya stoo kwa huzuni, nikafunga. Sikuvigusa tena."

"Vilikuwa na tope?"

"Tope jingi. Unajua lile ziwa."

"Vizuri. Hebu nione hiyo stoo."

Stoo ilikuwa nyuma ya nyumba. Ndani, chini ya turubai, kulikuwa na kompresa ndogo ya petroli. Wakoli alipitisha kidole ndani ya mrija wake wa kuvutia hewa, kikatoka cheusi kwa masizi. Alimwonyesha Ndinda kidole kile, kisha akakipangusa kwenye soksi.

"Hiyo mashine haifanyi kazi tena," Kilonzo alieleza upesi. "Ni ya zamani, ya Malindi."

Ndinda alikuwa ameshasogea mlangoni. Alikuwa anatazama uani, penye pipa la bluu lililojaa maji, suti mbili za mpira zikielea juu.

"Hizi nazo?"

"Nimeziloweka. Tulikuwa nazo ziwani Jumamosi."

"Mbona wenzako hupangusa tu?"

Kilonzo alicheka. Hili lilikuwa somo lake, na mwalimu akiulizwa somo lake hawezi kunyamaza. "Wale hawajui bahari, Inspekta. Bahari inakula chombo. Ukitoka majini leo usisuuze, kesho vali imeganda na uhai wako umo ndani yake. Miaka yote ile Malindi, sijawahi kulala na regyuleta ambayo haijaoshwa. Hata nikiwa mgonjwa. Mkono wenyewe unakwenda."

"Mazoea yana taabu," Ndinda alisema.

"Kabisa."

"Kwa hiyo Jumamosi usiku, mkono wenyewe ulikwenda."

Tabasamu la Kilonzo lilibaki mahali pake, lakini macho yaliondoka. "Sijakuelewa."

"Regyuleta ya Wabwire ilitoka kwenye tope, wewe mwenyewe umesema, ikaingia stoo yako, ufunguo ukiwa kwako. Asubuhi sisi tukapokea kitu kinachong'aa. Umeiosha, Mwalimu. Umeosha na mtungi. Ulisahau kwamba umeua, ukakumbuka kwamba hujasuuza."

"Labda... labda niliisuuza kidogo. Kwa heshima ya marehemu."

"Na ulisuuza vizuri, isipokuwa chini ya kiatu cha mpira. Huko umetuachia chumvi ya Malindi. Nimeionja kwa ulimi wangu."

Hapo Ndinda alikunja mkono wa blauzi mpaka begani. Mtungi wa Wabwire ulikuwa mahali fulani, bado umejaa. Kilonzo asingeweza kuumwaga, kwa kuwa hewa ile ikifunguliwa hupiga mluzi mtaa mzima ukatoka nje. Asingeweza kuurudisha ziwani, maana askari wamekaa pale tangu Jumamosi. Angeuweka wapi mtu ambaye kila kitu chake hukitia kwenye maji?

"Inspekta, hayo maji yana dawa!" Kilonzo alipaza sauti.

"Nitanawa," alisema Ndinda, akatumbukiza mkono.

Suti ziliteleza pembeni. Maji yalikuwa baridi mpaka kwapani. Vidole vyake vilipapasa bomba, kisha kamba, kisha kitu kipana, cha mviringo, laini. "Wakoli!" aliita. "Nimeshika chuma!"

Kilonzo akatimua. Hakwenda langoni, kwa sababu watoto walikuwa wamejaa langoni; alikwenda kwenye ua wa kayaba nyuma ya choo, akaruka kama kijana, na kayaba, ambayo haina heshima kwa walimu, ikampokea kwa miiba yake yote. Alibaki amening'inia huko akilia mamaye. Ilibidi Wakoli amchomoe taratibu, mwiba baada ya mwiba, huku watoto wakimshangilia.

"Ni gari tu!" Kilonzo alikuwa akipiga kelele. "Nilimwomba anyamaze! Gari yangu mwenyewe, nimeizamisha mwenyewe, yeye ilimhusu nini? Akasema niende bima nikaseme, la sivyo atasema yeye!"

Ndinda alimsikia kwa sikio moja. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope la uani, maji yakimchuruzika, akiuvua mtungi wa manjano kiatu chake. Kikatoka. Kitakoni, mwekundu kama ndio kwanza umepakwa, ulikuwepo msalaba. Na kando yake, mwingine.

Gari la mahabusu lilikuwa linanguruma uani mwa kituo walipoingia wakipiga honi kama wanaopeleka bibi harusi. Washtakiwa walikuwa wanapanda kwa foleni, na Patrobas, peku, alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi.

"Huyo hapandi!" Ndinda alipiga kelele kabla Landrova haijasimama.

Bosi alitoka ofisini akiwa na hasira ya mtu aliyekatizwa chakula. Ndinda hakumpa nafasi ya kuuliza. Alimwekea mtungi miguuni, akamwonyesha misalaba, akamwonyesha Kilonzo aliyechanwa na kayaba, ameketi kiti cha nyuma, kisha akafungua vali. Hewa ilitoka kwa mluzi mkali, ikapeperusha vumbi na kofia ya Bosi. Bosi aliinama, akanusa, akanusa tena. Haikuwa na harufu yoyote.

"Ipelekwe maabara," alisema mwishowe, akiokota kofia. "Na huyo mshusheni."

Patrobas alishuka. Hakumwangalia Kilonzo wala Bosi. Alikuwa anausikiliza mtungi.

"Ulikuwa umejaa, madam?"

"Tele. Hakuna aliyeigusa hewa yako."

Aliitikia kwa kichwa, akauweka mkono wake juu ya mtungi, na hapo ndipo alipoanza kumlilia shemeji yake, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Nasambu alikuwa amesimama mlangoni pa kaunta. Alikuwa ameona yote. Alirudi ndani, akazungumza kidogo na askari wa zamu, akatoka tena na viatu vya kaka yake mkononi. Alivuka uwanja, akaviweka chini mbele yake, kimoja kando ya kingine.

"Vaa, kaka," alisema. "Tunachelewa Busia."